Namba Tisa na Mpira Unaorudi Nyuma

Mjomba wangu alikuwa na fimbo mbili za gofu katika wilaya ambayo, kwa kadiri nilivyoweza kuulizia, haikuwa na nyingine. Moja ilikuwa namba tisa. Ya pili ilikuwa na uso mpana zaidi, uliolala kama sahani iliyoegemezwa ukutani, na yeye aliiita weji kama walivyoiita wenye mchezo wao. Zote mbili zilikaa nyuma ya mlango wa sebuleni, pamoja na jembe la palizi na mwavuli. Mgeni asiyejua angedhani ni vifaa vya kazi moja.

Alizipata mgodini. Kabla ya Uhuru kulikuwa na mgodi nje ya Mpanda, na wakubwa wake walifyeka miombo wakajitengenezea uwanja. Maji ya kumwagilia majani hayakuwepo, kwa hiyo penye shimo waliweka duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu, ukashindiliwa kwa rola ya chuma hadi ukawa kama sakafu. Duara hilo waliliita brauni. Mjomba alianza kazi kwa kufyeka, baadaye akawa mbeba mfuko wa fimbo wa mhasibu mmoja. Mgodi ulipofungwa, mhasibu alimwachia fimbo mbili fupi na mipira kumi na minne. Fimbo ndefu aliondoka nazo.

Nilipohamia kwake, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mipira ilikuwa imebaki sita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Tabora na kupata ukarani katika ofisi ya kata, nje kidogo ya mji. Wakati huo Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Rukwa, na barua yoyote ya mkoani ilituchukua wiki mbili, mvua ikinyesha hata mwezi.

Jambo moja kuhusu mjomba lilijulikana kuanzia kwetu hadi Kakese. Alikuwa akisema kwamba Jumamosi moja mhasibu alichoka, akampa namba tisa apige badala yake. Walikuwa ng'ambo ya korongo. Mpira ulipanda, ukavuka korongo, ukaanguka kwenye brauni kupita shimo, ukaruka mara moja, kisha ukarudi nyuma hatua mbili wenyewe, bila kuguswa na mtu wala kugonga kitu. Watu waliipenda hadithi hiyo kama wanavyopenda hadithi za sungura. Mimi nilikuwa na tabia ya kulinganisha, na nilimsikia akisimulia mara nyingi, mbele ya watu mbalimbali, akiwa amekunywa na akiwa hajanywa. Hatua zilibaki mbili.

Aliyemcheka zaidi alikuwa mtani wake, mzee wa Kisukuma aliyekuja na ng'ombe kutoka kaskazini, akakaa Usevya miaka kadhaa, kisha akahamia kwetu na kuchaguliwa mwenyekiti wa kijiji. Utani wao ulianzia wapi, hakuna waliokubaliana. Wengine walisema ni wa makabila, wengine walisema walichimba kisima pamoja na mmoja akatumbukia. Vyovyote vile, ulikuwa utani kamili. Mke wa mjomba alipofariki, yule mzee alikuja msibani akalala ndani ya kaburi lililo wazi, akadai nafasi ni yake alipwe kwanza. Watu wakacheka huku wanalia, ndiyo kazi ya mtani.

Mwaka huo tulitakiwa kupata wajumbe wapya wa baraza la kata, watu wa kusikiliza kesi ndogo. Kwetu kesi zilikuwa za aina moja tu, ng'ombe wa fulani wameingia kwenye mpunga wa fulani. Jina la mjomba lilipendekezwa. Kamati ya kata ilikaa kulijadili, mimi nikiandika muhtasari. Ilikuwa wiki yangu ya tatu kazini.

Mwenyekiti wa kikao alipouliza kama kuna pingamizi, mtani alisimama taratibu, akaegemea fimbo yake ya kuchungia.

"Mimi ninalo," alisema. "Huyu ni mwongo. Alisema amepiga mpira mbele ukarudi nyuma. Siku ng'ombe wangu wakila mpunga, atasema mpunga ndio uliowafuata ng'ombe."

Kikao kizima kilicheka. Mjomba alicheka kuliko wote. Nami, niliyefundishwa kwamba linalosemwa kikaoni ni hoja, niliandika katika safu ya hoja: mjumbe mmoja alipinga kwa sababu mpendekezwa si mkweli, akataja suala la mpira. Nilipousoma muhtasari ili uthibitishwe, nilipofika hapo walicheka tena, wakauthibitisha. Mwenyekiti akaweka sahihi akiwa bado anafuta machozi.

Katibu tarafa hakuwa mtu wa kwetu, na karatasi haionyeshi sura ya msemaji. Muhtasari uliopelekwa kwake ulirudi na mstari mwekundu chini ya maneno yangu. Pembeni aliandika kwamba mjumbe wa baraza lazima awe mtu anayeaminika, kwa hiyo tuhuma ya uongo ishughulikiwe kikaoni na majibu yaandikwe. La sivyo jina litolewe.

Mtani aliponiona siku ile aliniita kando. Alikuwa na desturi ya kuniita mayu, yaani mama, kwa lugha yake. Aliniuliza, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, kama kweli nilikaa nikauandika utani. Nilisema ndiyo. Akapanda baiskeli kwenda tarafani kueleza. Akarudi jioni na vumbi hadi kwenye nyusi, akasema ameambiwa kwamba lililothibitishwa kwa sahihi halifutwi kwa mdomo. Alikuwa tayari kukanusha kikaoni. Mjomba alikataa.

"Ukikanusha," alimwambia, "wataandika kwamba mwongo ni wewe. Halafu kijiji kitakuwa na mwenyekiti gani? Acha nikapige mpira."

Kwa nini alikitaka kiti kile kiasi hicho, aliniambia mara moja tu, tukichambua karanga. Alisema alibeba mfuko miaka kumi na moja. Mbeba mfuko anahesabu kila pigo, anajua nani kapiga sita akaandika tano, nani kausogeza mpira kwa ncha ya kiatu ukatoka kwenye shimo la mhanga. Mabwana waligombana mbele yake juu ya hesabu hizo hadi wakanuniana wiki nzima. "Na mimi nimesimama pale nimebeba mfuko," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Kamati ilikubali kwenda kuona. Alipewa wiki tatu za kujiandaa.

Ilikuwa Juni, mpunga wa bonde la Mwamkulu umeshavunwa, ardhi inaanza kukauka. Alichagua uwanda nyuma ya ofisi ya kata na kuanza kutengeneza brauni. Mchanga aliuchota mtoni kwa baiskeli, magunia manane. Oili chafu aliomba kwa mwenye mashine ya kusaga. Alichanganya kwa koleo, akasambaza, kisha akajaza pipa maji, akalilaza na kuliviringisha juu ya mchanga asubuhi na jioni. Mipasuo ya uso wa namba tisa, ile mistari iliyochongwa ili ishike ngozi ya mpira, ilikuwa imejaa uchafu wa miaka thelathini. Aliikwangua kwa shazia ya kushonea magunia, mstari mmoja mmoja.

Alinihitaji nimwokotee mipira na kusoma alama ambazo fimbo iliacha ardhini, kwa kuwa macho yake ya karibu yalikuwa yamepungua. Ndivyo nilivyojifunza. Sikuomba kufundishwa. Siku ya pili alinikabidhi tu fimbo, akaniambia nifunge kanga vizuri nisimame.

Nayaandika aliyonifundisha kwa mpangilio, ingawa yeye hakuyasema kwa mpangilio. Kwa fimbo fupi miguu haiachani sana. Mpira unakaa katikati ya miguu. Kuusogeza mbele ni kwa wenye fimbo ndefu. Uzito unaegemea mguu wa kushoto tangu mwanzo na kubaki hapo; mwili hauyumbi nyuma na mbele kama wa mtu anayetwanga. Mikono inatangulia kidogo, mpini ukielekea paja la kushoto. Fimbo inapanda hadi mikono ifike usawa wa bega, basi, kwa sababu fimbo fupi ni ya kulenga, na anayetaka umbali achukue fimbo nyingine. Halafu inashuka.

Hapo kwenye kushuka ndipo kila mtu alipokosea. Macho yanaona uso wa fimbo umelala, mpira upo chini, akili inasema uchotwe kama uji. Mtu anainua mikono, fimbo inaugonga mpira tumboni, nao unakimbia chini chini kama panya. Mjomba alisema uinuaji haumhusu mpigaji, umeshawekwa kwenye chuma na aliyekitengeneza. Mpigaji apige kwenda chini. Fimbo ikiushukia mpira, mpira unabanwa kati ya chuma na ardhi, unapanda ukiwa unajizungusha kinyumenyume, na huko kujizungusha ndiko kunakoukamata unapotua.

Lakini kupiga chini nako kulikuwa na mtego wake kwa watu wa kwetu. Mkono wa mkulima umezoea jembe, na jembe linaingia ardhini kisha linavutwa. Nilipiga udongo nyuma ya mpira, fimbo ikakwama, mpira ukasogea kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni. "Unalima," mjomba alisema. Alisema neno hilo mara nyingi kuliko salamu. Dawa yake ilikuwa majivu. Alichora mstari wa majivu ardhini, akauweka mpira juu yake, na sharti likawa kwamba kovu la udongo lianzie mbele ya mstari, upande wa lengo. Likianzia nyuma, umelima. Baadaye aliniambia niusahau mkono wa jembe nikumbuke mkono wa slasha, tuliyofyekea majani shuleni, kwa sababu slasha haisimami penye jani, inapita. Siku hiyo ndiyo kovu langu la kwanza lilianzia mahali pake.

Weji alinionyesha kidogo tu. Ina kitako chini ya uso, kama tumbo la mtungi, kilichokusudiwa kuteleza kwenye mchanga laini. Kwenye ardhi yetu ya kiangazi kitako hicho kinadunda, na chuma kinaupiga mpira shingoni. Alisema weji ni fimbo nzuri iliyozaliwa nchi nyingine. Kwa Mpanda ya Juni ni namba tisa.

Mwisho wa kila zoezi nilihesabu. Mjomba, aliyekuwa na umri wa miaka sitini na zaidi, aliuweka mpira kwenye brauni mara saba katika kumi kutoka hatua themanini. Ulianguka, ukaruka mara moja, ukatulia. Haukurudi nyuma hata mara moja. Nilimwambia. Alisema anajua. Ngozi za mipira zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kama maganda ya ubuyu, na mchanga wa wiki tatu haujawa sakafu. Nilimuuliza kwa nini basi asiombe muda zaidi. Akasema mipira haitakuwa mipya kwa kusubiri.

Siku ilipofika kamati ilitoa mabenchi nje. Walikuja na watu wengine ambao hawakualikwa. Mtani alikaa benchi la mwisho, kimya, fimbo yake kati ya magoti, na kimya hicho kiliwashangaza watu. Mjomba alivaa koti alilolipiga pasi mara mbili. Aliruhusiwa kupiga mipira mitatu. Nilichora mstari wa majivu kwa mkono wangu.

Wa kwanza ulipungua, ukaangukia kwenye mabua. Nadhani koti lilimbana, maana alilivua na kulikunja vizuri juu ya nyasi kabla ya kuendelea. Wa pili ulipita brauni na kupotelea nyuma ya choo cha ofisi. Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa.

Wa tatu nilijua ni mzuri kabla sijautazama, kwa sauti. Pigo safi la fimbo fupi lina sauti mbili zilizokaribiana, ya mpira kwanza kisha ya ardhi. Ulipanda sana, watu wakainua nyuso. Ukaanguka hatua moja kupita kijiti cha bendera, ukaruka mara moja kama urefu wa goti, ukagusa mchanga. Ukasimama papo hapo.

Watu wa kwetu waliujua mpira wa miguu, na mpira wa miguu ukianguka unaendelea. Nilisikia mguno kwenye mabenchi. Mtani aliinuka, akaenda hadi kwenye brauni, akalaza fimbo yake kutoka alama ya pili, pale mpira ulipogusa mchanga baada ya kuruka, hadi ulipo mpira, akatazama kwa muda. Akarudi kukaa.

Mwenyekiti wa kamati alimuuliza mjomba kama mpira umerudi.

"Haukurudi," alisema mjomba.

Mwenyekiti, ambaye nadhani alitaka kumsaidia, alisema kwamba kwa macho yake yeye ulirudi kidogo. Wajumbe wawili wakasema nao waliona hivyo. Mjomba alitikisa kichwa.

"Umesimama. Kusimama si kurudi. Siku ile ulirudi hatua mbili, leo haukurudi. Karani, andika yote mawili."

Niliandika yote mawili. Ikafuata kura ya mikono. Kwanza wanaomkubali, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa benchi la mwisho, ukiwa na fimbo ya kuchungia ndani yake. Mingine ikafuata, si yote. Ilitosha. Muhtasari ulikwenda tarafani na safari hii haukurudi.

Ningeweza kuishia hapo, na kwa miezi kadhaa nilidhani habari imeishia hapo. Mjomba alianza kukaa barazani kila Alhamisi. Alikuwa msikilizaji wa polepole. Aliwauliza wenye ng'ombe na wenye mpunga maswali yale yale, na mwishoni aliuliza kama kuna mtu mwingine aliyekuwa amesimama pale. Mara nyingi alikuwepo. Mtani alirudia utani wake, akimwita mwamuzi wa mpira uliogoma.

Mvua za kwanza zilipoanza, wawili hao walikwenda kukagua mpaka wa shamba upande wa mgodi wa zamani, mmoja kama mjumbe wa baraza, mwingine kama mwenyekiti wa kijiji. Mjomba alichukua namba tisa kama mkongojo. Njia ilipita kwenye uwanja ule wa gofu, uliokuwa umerudi kuwa pori isipokuwa sehemu moja. Oili ya wakubwa ilikuwa bado inazuia majani, na chini ya takataka kulikuwa na brauni moja, ngumu, iliyolainishwa kidogo na mvua. Mjomba alikuwa na mpira mfukoni.

Sikuwepo. Yaliyotokea nayajua kutoka kwa mtani, aliyefika kwenye mashine ya kusaga mchana huo kabla hajafika hata nyumbani kwake, akawaambia watu waliokuwa kwenye foleni kwamba ameuona. Umepanda, umeanguka, umerudi nyuma. Foleni ilicheka mpaka mwenye mashine akazima injini ili asikie vizuri. Mtani aliapa kwa ng'ombe wake wote. Wakacheka zaidi, wakasema mzee leo kazidisha. Aliapa kwa mama yake. Mwanamke mmoja alilazimika kukaa chini.

Alikuja ofisini kwangu akiwa amekasirika kweli, mara pekee niliyomwona hivyo. Alitaka niandike. Nilimweleza kwamba kitabu kile ni cha mihtasari ya vikao, na hapakuwa na kikao.

Aliegemea meza yangu.

"Mayu," alisema, "ule utani uliuandika. Huu ukweli ndio unaukataa?"

 Nilimuuliza ulirudi kiasi gani. Akanyoosha fimbo yake mezani. Alikuwa amepima umbali pale pale uwanjani na kuchonga alama kwenye fimbo kwa kisu. Mpira ulirudi fimbo nzima, kisha kutoka mwanzo wa fimbo hadi kwenye alama ile. Alama ilikuwa mbichi, mti ukiwa mweupe ndani.

Jioni nilimuuliza mjomba. Alikuwa ameketi mlangoni na shazia, anakwangua udongo kwenye mipasuo ya namba tisa. Alisema yeye hakupima. Aliyepima ni mtani wake, nimuulize yeye.

Mtani aliendelea kuionyesha alama hiyo kwa miaka, harusini, mnadani, kwa wageni waliotoka Usevya kumsalimia, na kila alipoionyesha watu walishika mbavu. Nilipima siku ile kwa rula ya ofisi kabla hajaichukua fimbo yake. Nikaandika kipimo kwa penseli ndani ya jalada la nyuma la kitabu cha mihtasari, mahali ambapo hapasomwi kikaoni. Kilikaribia sana hatua mbili za mjomba.